Mvinyo Mwepesi Una Msimu Wake

Hotuba iliyotolewa mwezi wa Mei mjini Würzburg, Ujerumani, mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili na marafiki zao. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, dada zangu na kaka zangu, pamoja nanyi marafiki wenyeji wa Würzburg mliojifunza Kiswahili kwa sababu ya udugu wa mji huu na Mwanza, udugu uliodumu tangu mwaka 1966: hamjambo, na wanaostahili shikamoo, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mvinyo mweupe mwepesi na namna ya kuufurahia katika majira haya ya machipuko. Kabla sijaenda mbali, wapo kati yetu wasiotumia kileo, wengi wao kwa ajili ya imani yao, na hao sikuja kuwashawishi. Wamewekewa pale upande wa dirishani maji ya zabibu yaliyokamuliwa kutoka mashamba ya bonde hili hili, na mengi nitakayoyasema kuhusu ardhi, baridi na chakula yanawahusu wao pia. Waliokuja na magari wanajua sheria ya hapa, nusu gramu ya kileo kwa kilo moja ya damu, na wepesi ninaousifu leo haumruhusu mtu yeyote kunywa kisha akashika usukani.

Sasa niwaulize: kwa nini mvinyo mwepesi unatupa mashaka? Katika kazi yangu ya kuhudumia mvinyo mezani nimewaona watu wetu wengi wakiupokea kwa shingo upande. Mtu anaonja, anaweka glasi chini, anamtazama mwenzake, kisha anasema, "Huu mbona kama maji?" Tumezoea kwamba kinywaji cha kumpa mgeni ni kile kitamu sana au kile kikali, na kwamba chupa ya maana ni ile inayomfanya mtu aikunje sura anapomeza. Mimi nasema kwamba wepesi huu umetafutwa kwa makusudi, umefanyiwa kazi kubwa kuliko tunavyodhani, na kwamba wakati wa kuuelewa ni huu, wiki hizi za Aprili, Mei na Juni, mwili unapotoka katika miezi ya makoti na vyakula vya mafuta.

Tuanze na historia ya hapa hapa. Vita vya Miaka Thelathini vilipokwisha mwaka 1648, eneo hili la Franken lilikuwa limechakaa: vijiji vingi vilikuwa mahame, mashamba ya mizabibu yalikuwa yamegeuka vichaka, na hali ya hewa ya karne ile ilikuwa ya baridi kuliko hii tunayolalamikia sisi. Katika kijiji cha Castell, kisicho mbali na hapa tulipokaa, watu wa mtawala wa mahali pale walitafuta mzabibu ambao ungestahimili hali ile. Kumbukumbu zao za maandishi zinaonyesha kwamba tarehe 6 Aprili 1659 zilipandwa pingili 25 za mzabibu uliojulikana wakati ule kama wa Austria, nao ndio huu tunaouita Silvaner. Pingili 25, ndugu zangu! Hata bustani ya nyuma ya nyumba haijai. Miaka 6 baadaye, mwaka 1665, Alberich Degen, abate wa monasteri ya Ebrach, akaupanda Silvaner hapa Würzburg, katika mteremko wa Stein, ule mnaouona juu ya reli kila mnaposhuka kwenye treni. Leo karibu robo ya mashamba yote ya mizabibu ya Franken ni Silvaner.

Walichagua mzabibu wa aina gani? Walichagua mzabibu mpole. Silvaner hauna harufu ya kujitangaza. Ukiuweka puani unapata peya, tufaha, pengine majani mabichi yaliyokatwa asubuhi, na kwenye udongo huu wa chokaa, ambao zamani za kale ulikuwa sakafu ya bahari na bado una mabaki ya makombe ndani yake, unapata mwishoni ladha kavu kidogo inayokausha ulimi na kukufanya utake funda la pili. Ni mvinyo unaomwachia nafasi mtu anayezungumza na chakula kilichopo mezani, na mimi naihesabu hiyo kuwa tabia njema.

Lakini wepesi wenyewe unatoka wapi? Zabibu inapoiva, sukari yake inapanda na uchachu wake unashuka. Hamira hula sukari ile na kuigeuza kileo, na kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo. Hesabu hiyo ndogo inaeleza mengi. Mkulima wa nchi ya jua kali, ambaye zabibu zake zimejaa sukari, atapata mvinyo wa asilimia 14 hata kama hakuukusudia, ilhali mkulima wa bonde hili la mto Main, kwa msaada wa baridi ya usiku wa Septemba, anaweza kuvuna zabibu zilizoiva na bado zenye uchachu wake, akapata asilimia 11 au 12. Hata hivyo ni lazima aichague siku. Akivuna mapema mno, mvinyo unakuwa mkali na mtupu. Akichelewa wiki moja ya joto, wepesi umekwenda na haurudi. Ndiyo maana ukikutana na mkulima wa mizabibu mwezi wa Septemba utamwona anapita mistarini akitafuna zabibu, anatema mbegu kiganjani na kuzitazama rangi: mbegu ya kijani inamwambia asubiri, ya kahawia inamwambia aite wavunaji.

Baada ya mavuno, kazi kubwa ni ya kujizuia. Pipa jipya la mwaloni huupa mvinyo harufu ya vanila na moshi, jambo zuri kwa mvinyo mzito, lakini huu wetu utafunikwa nalo kabisa. Kwa hiyo unatiwa katika tangi la chuma cha pua, au pipa kuu kuu la mbao lililokwisha kutoa harufu zake zote, na unachachuka polepole katika ubaridi. Tena kuna asidi ile ya tufaha bichi, ambayo bakteria wanaweza kuigeuza kuwa asidi ya maziwa, mvinyo ukawa laini na wa kujaza kinywa. Mtengenezaji wa mvinyo mwepesi mara nyingi huwazuia bakteria hao ili ule mchangamko ubaki. Mnaona basi? Hakuongeza kitu, na kwa kuwa hakuongeza kitu hana mahali pa kuficha kosa. Kishada kimoja kilichooza, tangi moja lisilosuguliwa vizuri, utaonja.

Nisije nikawaudhi waliotoka Trier na Koblenz, niseme pia kwamba upo wepesi wa namna nyingine, ule wa Riesling, aina nyingine ya zabibu nyeupe, ya bonde la Mosel, katika miteremko ya mawe meusi ya kigae ambako mtu huvuna akiwa amejifunga kamba au amekaa kwenye kigari cha reli. Ile inayoandikwa Kabinett huachwa na sehemu ya sukari yake bila kuchachuka, kwa hiyo kileo chake huishia kwenye asilimia 8 au 9 hivi, na uchachu wake ni mkali kiasi kwamba utamu ule hauchoshi. Msomapo kibandiko, tafuteni neno trocken, ambalo kisheria lina maana ya mvinyo mkavu, usiozidi gramu 9 za sukari katika lita. Wafranken wanajigamba kwamba wa kwao ni mkavu zaidi, chini ya gramu 4. Nimeishi nao vya kutosha kujua kwamba hilo si jambo la kubishana nao.

Na chupa hii bapa yenye tumbo, inayoitwa Bocksbeutel, ambayo wengi mmeniuliza kama ni ya pombe kali? Mwaka 1726 baraza la mji huu liliamua kwamba mvinyo wa Stein wa hospitali ya kale ya Bürgerspital utiwe katika chupa za namna hii na kupigwa muhuri, kwa sababu walaghai walikuwa wakiuza mvinyo wa kwingine kwa jina la Stein. Kwa hiyo ujanja wa vibandiko haukuanzia Kariakoo.

Jambo la pili ninalotaka mlichukue ni upya wa mvinyo huu. Zabibu zilizovunwa Septemba na Oktoba zilichachuka vuli, mvinyo ukapumzika juu ya machicha ya hamira wakati wa theluji, ukatiwa chupani kuanzia Februari au Machi, na sasa ndio unafika madukani. Huu mnaouona mezani uliingia chupani miti ya nje ikiwa haina jani hata moja. Unywe sasa. Bürgerspital wanaitunza mpaka leo chupa ya mvinyo wa mwaka 1540, mwaka uliosifika kwa ukame na joto, na hiyo ni fahari yao, waendelee kuitunza. Lakini chupa ya euro 8 mliyoinunua juzi msiitunze. Msiiweke kabatini ikingoja harusi ya mjukuu. Ndani ya mwaka mmoja au miwili ule mchangamko utakuwa umelala, na mtakuja kuniambia kwamba kweli mvinyo mwepesi ni kama maji.

Kuna upande mwingine wa upya huo, ule wa shambani, nao hauna starehe hata kidogo. Wakati sisi tunafungua chupa za mavuno yaliyopita, mizabibu iko nje inachipua mavuno yajayo, na chipukizi la mzabibu la mwezi wa Aprili ni kitu laini mno, lenye manyoya meupe na ncha za waridi, urefu wake haufiki kidole. Mwaka 2024 mwanzo wa Aprili ulikuwa na joto lisilo la kawaida. Mizabibu ikadhani baridi imekwisha, ikachipua mapema. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili na usiku uliofuata, jalidi ikaanguka. Mashamba ya Saale-Unstrut na Sachsen, maeneo ya mizabibu ya mashariki mwa Ujerumani, yalipoteza sehemu kubwa sana ya zao la mwaka mzima, na hapa Franken pia wapo waliolia. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari usiku kucha, wengine wakachoma marobota ya nyasi ili moshi na joto vifunike bonde. Mnajua asubuhi yake inakuwaje? Jua linachomoza zuri, anga haina wingu, na kufikia saa nne chipukizi lililokuwa la kijani limekuwa la kahawia, ukilishika linasagika vidoleni. Mzabibu una machipukizi ya akiba, yatatoka, lakini yanazaa vishada vichache.

Wenyeji wa hapa wanawahesabu watakatifu wa barafu, ambao siku zao ni kati ya tarehe 11 na 15 Mei, na mpaka siku ya mwisho, ya mtakatifu Sophie, ipite, mkulima halali usingizi kamili. Kwa hiyo mnapomkuta amekaa mlangoni pake mwishoni mwa Mei na glasi yake mkononi, ameinyosha miguu, jueni anasherehekea nini.

Hapa ndipo ninapoikumbuka Dodoma, na nadhani Watanzania waliopo walikuwa wananingoja niitaje. Mizabibu ililetwa kule na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na leo kuna aina za zabibu kama Chenin Blanc na Makutupora nyeupe zinazotoa mvinyo mweupe. Lakini Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Nani basi anauletea machipuko? Mkulima mwenyewe, kwa mkasi wake. Anapogoa, mzabibu unaamka na kuchipua, na kwa njia hiyo anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Septemba. Hajui jalidi, lakini anajua mvua inayonyesha wakati vishada vimekaribia kuiva na kuleta ukungu, na anajua jua linalopandisha sukari haraka kuliko anavyotaka. Mvinyo mweupe mwepesi wa Dodoma unawezekana, na nimewahi kuuonja uliokuwa safi na mchangamfu. Unahitaji tu wavunaji wa alfajiri, ubaridi wa uhakika kiwandani, na wanunuzi walioacha kudai kwamba kila mvinyo uwe mtamu. Sharti hilo la mwisho ni letu sisi.

Nije sasa kwenye chakula, na hapa mtaniwia radhi nikikaa muda mrefu kidogo, maana ndiko mvinyo huu unakojieleza wenyewe.

Majira ya machipuko ya Ujerumani yana mfalme wake, naye ni asparagasi nyeupe. Inalimwa kwenye mchanga wa kando ya mto Main, upande wa Volkach na Kitzingen, ndani ya matuta marefu ya udongo, na hukatwa kabla kichwa hakijaona mwanga. Ndiyo maana inabaki nyeupe. Ukitaka kujua kama ni mbichi kweli, shika mbili uzisugue: zikilia, nunua. Zikiwa kimya, mwachie muuzaji. Unaimenya kuanzia chini kidogo ya kichwa kwenda chini, unakata kipande cha mwisho kilicho kigumu, unaichemsha kwa maji yenye chumvi, sukari kidogo na kijiko cha siagi. Inaliwa na viazi vya kuchemsha, siagi iliyoyeyushwa au mchuzi wa mayai na siagi, na wengi huongeza mnofu mkavu wa nguruwe, ambao wasioula hawapungukiwi na kitu. Tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana, wakulima wanaacha kukata ili mmea upate nguvu ya mwaka unaofuata, na msimu umekwisha.

Asparagasi hii ina uchungu mdogo na aina fulani ya salfa inayogombana na mvinyo mwingi. Nilimhudumia mgeni mmoja aliyeagiza sahani ya asparagasi pamoja na mvinyo mwekundu wa gharama, uliokaa pipani muda mrefu. Alikuwa mtu mstaarabu, alimeza mafunda mawili matatu kimya, kisha akaniita akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anadhani chupa imeharibika, kwa sababu ina ladha ya sarafu. Chupa haikuwa na neno. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu ulikutana na asparagasi, vikageuka chuma mdomoni. Nikamletea Silvaner mkavu, nikamwomba ale kwanza ndipo anywe. Ule mwekundu alikwenda nao nyumbani, akaunywe na nyama, na nilifurahi kwa ajili ya chupa ile.

Je, ni lazima tule asparagasi ndipo tunywe? Hasha. Wangapi kati yenu mmeuona katika maduka ya hapa mnofu wa samaki uliobandikwa jina la Viktoriabarsch? Watu wa Mwanza, huyo ni sangara wenu, amefika Würzburg kabla yenu na hakuombwa viza. Mpakeni chumvi na ndimu, mkaangeni kwa mafuta kidogo mpaka ukingo uwe wa dhahabu, pembeni wekeni kachumbari ya nyanya na tango, na mmimine Silvaner uliopoa vizuri. Uchachu wa mvinyo unafanya kazi ile ile ya ndimu, unakata mafuta, na samaki anabaki na ladha yake. Mkimtia tui, liwe jepesi.

Pilipili ni suala jingine. Kileo huuongeza moto wa pilipili, na ukakasi wa mvinyo mwekundu huuchochea zaidi, kwa hiyo anayepika biriani yenye pilipili au samaki wa kupaka kama wa Mombasa aiache Silvaner na kuchukua ile Riesling ya Kabinett niliyoitaja, yenye kileo kidogo na utamu uliobaki. Wale mliozoea kusema kwamba chakula chetu hakina mvinyo wake, jaribuni hilo kwanza ndipo tubishane.

Kuhusu kumimina nitasema machache. Joto la kufaa ni nyuzi 8 hadi 10. Saa mbili au tatu za friji zinatosha. Mwenye haraka atie chupa kwenye ndoo yenye maji na barafu, maji yakiwepo ya kutosha, maana barafu peke yake inaigusa chupa sehemu sehemu tu. Usiweke barafu ndani ya glasi. Shika glasi kwa mguu wake ili kiganja kisiupashe mvinyo moto, mimina kidogo, mimina tena. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya umaskini. Kwa mvinyo wa namna hii ni bora kuliko kizibo, kwa sababu kinaulinda upya wake.

Anayetaka kuona haya yote kwa macho yake aende jioni kwenye daraja la kale la Main. Watu husimama pale katikati ya sanamu za watakatifu, kila mmoja na glasi aliyoinunua kwenye kibanda cha kona na kuiwekea amana, vijana wa chuo kikuu pamoja na wazee wenye fimbo, wakiitazama ngome ya Marienberg na mizabibu iliyo chini yake. Nimemwona pale bibi mmoja akiimaliza glasi moja kwa saa nzima, akizungumza na kila aliyepita. Hakulewa, hakuharakishwa, na mvinyo wake haukumlazimisha auzungumzie. Mvinyo wa asilimia 14 usingempa saa hiyo.

Mezani mmewekewa chupa tatu. Anzeni na ile bapa, Silvaner ya mwaka jana, pamoja na asparagasi ambazo vijana wetu wanazitoa jikoni sasa hivi. Ya pili ni ya Stein, nzito kidogo kuliko ya kwanza, ifungueni sangara akifika. Ya tatu, ndefu na nyembamba, ni Riesling ya Mosel. Hiyo msiiguse mpaka mama zetu watakapoleta biriani. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na karibuni.